Daftari la Bwana na Watu Waliomo Ndani Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa historia na watunza nyaraka. Imenyooshwa kidogo ili isomeke.)

Mwenyekiti, walimu wangu, watunza nyaraka wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango: shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie nyaraka za familia, maana tumezoea kuzungumza juu ya nyaraka za serikali tu. Nimechagua familia ya mbali. Ni nyaraka za milki ya Penrhyn, kaskazini mwa Wales, karibu na mji wa Bangor. Wales ina milki nyingi za namna hii, na nyingine ni kongwe na zina masanduku mengi vilevile. Penrhyn nimeichagua kwa sababu wenyewe walikuwa na mashamba ya miwa Jamaica, na hapohapo wana machimbo ya mawe kwao Wales. Barua za huku na za kule zilifika mezani kwa bwana mmoja, naye akazijibu kwa kalamu moja.

Karatasi zote hizo ziliandikwa kulinda mali. Hakuna karani aliyekaa akasema, ngoja niandike habari za watu wadogo ili wajukuu wao waje wasome. Alikuwa anahesabu. Lakini katika kuhesabu, aliandika majina, na wako watu wengi sana ambao jina lao halikuandikwa popote pengine duniani. Hilo ndilo jambo nililokuja nalo leo.

Tuanze na ardhi, kwa sababu hati za ardhi ndizo kongwe kuliko zote.

Kwa sheria ya kale ya Wales, ile inayonasibishwa na mfalme Hywel Dda, ardhi ya baba iligawanywa sawasawa kwa wana wa kiume, na ardhi ya ukoo haikuuzwa. Sasa mtu anajengaje milki kubwa mahali ambapo ardhi haiuziki na kila msiba unaikata vipande? Walipata mlango wa nyuma. Mwenye shida aliweka ardhi rehani kwa miaka minne, kwa hati iliyoitwa prid. Miaka minne ikiisha hajalipa, rehani inaongezwa minne mingine, kisha minne tena, mpaka wajukuu wa aliyeweka rehani hawana habari kwamba pale palikuwa kwao. Mkifungua masanduku ya zamani ya milki za Wales, hizo hati ziko tele. Wale mnaotoka Pemba, mnaojua mashamba ya mikarafuu yalivyohama mikono kwa sababu ya madeni, hamhitaji maelezo zaidi.

Gwilym ap Gruffydd, aliyefariki 1431, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Mwaka 1400 Owain Glyndŵr alipoinua bendera dhidi ya mfalme wa Uingereza, wakwe zake Gwilym, akina Tudur wa kisiwa cha Anglesey, walikuwa mstari wa mbele. Gwilym alijisalimisha kwa mfalme mapema, na vumbi lilipotulia ardhi za wakwe zake zilikuwa mikononi mwake. Hati hazisemi kama aliona haya. Hati hazisemi mambo kama hayo. Ukoo uliotoka kwake ndio ulioikalia Penrhyn kwa muda mrefu.

Kisha zikaja sheria za 1536 na 1543 zilizoiunganisha Wales na Uingereza, na ule mgawanyo wa sawasawa ukafutwa. Mtoto wa kwanza wa kiume akachukua vyote. Kuanzia hapo milki zinanenepa, na karatasi nazo zinanenepa: wasia, mikataba ya ndoa, kesi za mipaka, madaftari ya kodi za wapangaji. Penrhyn ilipita mikono kadhaa. Mwaka 1622 iliangukia kwa John Williams, mzaliwa wa Conwy aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa York. Nampita haraka, ingawa ana mambo yake, kwa sababu naitaka karne ya 18.

Mwaka 1765 Richard Pennant alimwoa Anna Susannah Warburton, binti aliyekuwa mrithi wa nusu ya milki ya Penrhyn. Ile nusu nyingine akaja kuinunua. Fedha alizitoa wapi?

Babu wa ukoo, Gifford Pennant, alikuwa askari kutoka Flintshire, na alijipatia ardhi huko Jamaica baada ya Waingereza kukinyang'anya kisiwa hicho kwa Wahispania mwaka 1655. Mwanawe Edward alipanda hadi kuwa Jaji Mkuu wa kisiwa. Kufikia kwa Richard, familia ilikuwa na mashamba kadhaa ya miwa katika wilaya ya Clarendon, na moja lao liliitwa Denbigh, jina la mji wa Wales, kana kwamba wamelihamisha kwa meli. Richard mwenyewe aliyaendesha akiwa Uingereza, kwa barua. Alikuwa na mawakili kule, watu kama Alexander Falconer na Rowland Fearon, ambao kazi yao ilikuwa kusimamia na kuandika: mvua imenyesha au haikunyesha, sukari imejaa mapipa mangapi, ramu imeuzwa bei gani, nyumbu wangapi wamekufa, watu wangapi wamekufa, watoto wangapi wamezaliwa.

Barua hizi ndizo moyo wa nyaraka za Penrhyn, na ningependa tukae hapa kidogo.

Kuna sentensi moja ambayo watafiti wanaifahamu sana. Lord Penrhyn, maana hilo ndilo jina alilopewa Richard mwaka 1783, anamwagiza wakili wake kwamba hapendi ng'ombe wala watu weusi wafanyishwe kazi kupita kiasi. Msomaji wa kwanza husema, ah, kumbe bwana alikuwa na huruma. Msomaji wa pili anaangalia mpangilio. Ng'ombe wametangulia, watu wamefuata, na wote wamo ndani ya agizo moja, kwa sababu ndani ya hesabu zake wote walikuwa ukurasa mmoja. Na ndivyo orodha zenyewe zilivyo: watu kwa majina, kazi zao, hali ya afya zao, thamani yao kwa pauni, halafu mifugo. Mzee asiyeweza kazi anaandikwa thamani ndogo au hana thamani. Mwanamke anayeweza kuzaa ana bei yake. Mtoto mchanga ana bei yake.

Majina nayo yasomeni polepole. Katika orodha za mashamba ya Jamaica ya wakati ule utakutana na majina waliyobandikwa na mabwana, ya Kirumi na Kiyunani, ya miji ya Uingereza, mengine ya kejeli tupu. Lakini katikati yake anachomoza Cuffee, anachomoza Quashie. Huyo ni Kofi, aliyezaliwa Ijumaa, na yule ni Kwasi, aliyezaliwa Jumapili, kwa desturi ya Waakan wa Afrika Magharibi. Karani ameandika kama sikio lake lilivyosikia. Mama fulani alimwita mwanawe kwa siku aliyozaliwa, na jina likapenya hadi kwenye daftari la mtu aliyedhani anahesabu mali yake.

Wakati huohuo bwana alikuwa mbunge wa Liverpool, bandari iliyoshiba kwa biashara ya watumwa kuliko bandari yoyote ya Uingereza. Aliongoza chama cha wenye mashamba na wafanyabiashara wa West Indies. Mwaka 1789 William Wilberforce alipopeleka bungeni hoja yake ya kufuta biashara ya watumwa, Lord Penrhyn alisimama kupinga: mkipiga kura ya kuifuta biashara hii, alisema, mnapiga mali ya pauni milioni 70, mnaangamiza makoloni, na mnaua chuo cha kuwafunza mabaharia wenu. Hotuba imo katika kumbukumbu za bunge. Ukiisoma peke yake utaona ni siasa. Ukiisoma pamoja na barua zake za Jamaica utaona mtu anatetea duka lake.

Biashara ya kusafirisha watumwa ilifutwa na bunge mwaka 1807, naye akafariki Januari 1808. Mrithi wake, George Hay Dawkins, aliongeza jina la Pennant ili arithi. Utumwa wenyewe ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, zikalipwa wenye watumwa. Dawkins-Pennant alipata pauni 14,683 na ushei kwa watu 764. Gawanyeni wenyewe: ni kama pauni 19 kwa kichwa. Wale 764 hawakulipwa hata senti.

Nikiwa hapa siwezi kupita bila kusema kwamba fikra hiyohiyo ilitufikia. Amri ya mwaka 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa Zanzibar, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed na shinikizo la Waingereza, nayo iliweka fidia kwa mwenye mtumwa, na ilimtaka mtumwa mwenyewe aende akaombe uhuru wake. Makaratasi yake nayo yalijaa. Atakayetaka kuyafuata aanzie Nyaraka za Taifa kule Kilimani, nisije nikala muda wa mzungumzaji mwingine.

Basi, fedha za sukari zilikwenda wapi? Zilipanda mlima. Juu ya kijiji cha Llandygái, mahali panapoitwa Cae Braich y Cafn, palikuwa na jiwe la sileti, lile la rangi ya buluu iliyokolea au zambarau, linalopasuka vipande vyembamba kama kurasa. Nyumba zinaezekwa kwa hilo. Hapo awali wachimbaji wadogo walichimba kila mtu na mkataba wake, wakishusha mzigo kwa farasi. Miaka ya 1780 Richard Pennant alinunua mikataba yao, akafanya machimbo yote kuwa yake, akajenga bandari, akatengeneza barabara, na mwaka 1801 ikafunguliwa reli ya magari ya kukokotwa na farasi kutoka machimboni hadi pwani. Msimamizi wake Benjamin Wyatt ndiye aliyeshika kazi hiyo. Vipande vya sileti viliuzwa kwa vipimo vyenye majina ya heshima, Duchess kikiwa kikubwa, kisha Countess, kisha Lady, hivyo fundi maskini alikuwa anapasua mabibi wakubwa kutwa nzima. Utani wa machimbo.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 hayo ndiyo yalikuwa machimbo makubwa kuliko yote ya sileti duniani, na wafanyakazi karibu 3,000. Milki yenyewe ilizidi ekari 40,000. Na juu ya pwani palisimama ngome mpya iliyobuniwa na Thomas Hopper kuanzia miaka ya 1820, iliyotengenezwa ionekane ya Wanormani wa kale wakati rangi haijakauka. Ndani yake kuna kitanda cha sileti chenye uzito wa kama tani moja. Malkia Victoria alipokuja mwaka 1859, inasemekana alikataa kukilalia. Mimi simlaumu.

Sasa, nyaraka za machimbo zina tabia yake. Kikundi cha wachimbaji kilipewa kipande cha mwamba kwa mwezi, na bei ikapatanwa kati yao na msimamizi kwa kuangalia jiwe ni zuri au baya. Ukienda kwenye madaftari unaona bei hizo. Usichokiona ni yale mapatano yenyewe, mtu na kofia yake mkononi, akimweleza kwa Kiwelisi mtu atakayeandika kwa Kiingereza. Hili lipo katika karibu kila milki ya Wales: mpangaji na mchimbaji waliishi kwa Kiwelisi, wakasali kwa Kiwelisi, wakatukana kwa Kiwelisi, na ofisini wakaingia kwa Kiingereza. Kwa hiyo hata barua ya malalamiko mnayoikuta imepangwa vizuri kwenye faili, mara nyingi imeshapita mkononi mwa mtu wa kati. Nyinyi mnaosoma barua za ma-DC mnaijua hali hii.

Mwaka 1868 George Sholto Douglas-Pennant, mtoto wa bwana wa wakati huo, aligombea ubunge wa Caernarfonshire akashindwa na Love Jones-Parry. Kura ilikuwa ya wazi. Ulisimama ukamtaja mtu wako, na wakala wa mwenye ardhi anasikia. Sehemu nyingi za Wales wapangaji walifukuzwa mashambani mwao baada ya uchaguzi ule, na kelele zake zilisaidia kuleta sheria ya kura ya siri ya 1872. Madaftari ya kodi ya milki yanaweza kukuonyesha jina lililokuwepo miaka mingi halafu halipo. Sababu haiandikwi. Unaitafuta kwenye magazeti ya Kiwelisi ya mwaka huo.

Mwaka 1874 wachimbaji wa kaskazini mwa Wales waliunda chama chao, na Penrhyn wakapata makubaliano kupitia wakala aliyeitwa Pennant Lloyd, yaliyoipa nguvu kamati ya wafanyakazi. George Sholto aliposhika hatamu, mwaka 1885, akayafuta. Meneja wake mpya, E. A. Young, alikuwa mtu wa mahesabu hasa. Mwaka 1896 machimbo yakafungwa kwa mgogoro uliochukua karibu mwaka. Tarehe 22 Novemba 1900 wanaume 2,800 wakaacha kazi, na mgomo ukaendelea hadi Novemba 1903. Miaka mitatu! Mji wa Bethesda, walikoishi wachimbaji, uligawanyika. Waliokataa kurudi waliweka karatasi dirishani: Nid oes bradwr yn y tŷ hwn, nyumba hii haina msaliti. Wengine walihamia machimbo ya makaa ya mawe kusini na hawakurudi tena. Makovu yake yamebaki mpaka vizazi vya baadaye, watu wakijua ukoo gani ulirudi kazini mapema.

Sasa angalieni mahali zilipo nyaraka. Chuo Kikuu cha Bangor kilifunguliwa mwaka 1884, na wachimbaji wa sileti walikuwa miongoni mwa waliochanga kutoka kwenye mishahara yao ili kijengwe. Kilianzia katika hoteli ya zamani, Penrhyn Arms. Leo barua za Jamaica, hati za prid na madaftari ya Lord Penrhyn yamo katika hifadhi ya chuo hichohicho. Nyaraka za machimbo nyingi ziko kwingine, katika hifadhi ya Gwynedd mjini Caernarfon, na ngome iko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, tangu 1951. Kwa muda mrefu mtu aliweza kutembelea ngome, akastaajabia dari na kitanda, akaondoka asisikie neno Jamaica. Mwaka 2007, miaka 200 baada ya sheria ya kufuta biashara ya watumwa, ndipo yalifanyika maonyesho pale ngomeni yaliyounganisha sukari na sileti waziwazi. Karatasi zilikuwepo siku zote.

Siyo milki zote zilizobahatika hivyo. Nyumba ya Wynnstay iliungua mwaka 1858 na maktaba yake ya miswada ikateketea. Kodi ya mirathi ya 1894 na mauzo ya ardhi baada ya Vita Kuu ya Kwanza viliwafanya wengi wauze, wabomoe, wahame, na mtu anayehama habebi masanduku ya kodi za karne mbili. Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyopata hati yake mwaka 1907 huko Aberystwyth, iliokoa mengi. Tena tuwe waadilifu: mabwana hawa hawakuhifadhi hesabu tu. Robert Vaughan wa Hengwrt, katika karne ya 17, alikusanya miswada ambayo bila yeye fasihi ya kale ya Kiwelisi ingekuwa maskini sana, pamoja na Kitabu Cheusi cha Carmarthen, mswada wa mashairi ya kale ya Kiwelisi. Jumba lililoshikilia rehani za majirani laweza pia kuwa ndilo lililotunza mashairi yao.

Nilipomaliza hotuba hiyo, kijana mmoja aliuliza: kwa nini hizo barua za Jamaica zisirudishwe Jamaica? Swali zuri, na nilimjibu hivi. Barua alizoandika wakili akazituma Wales zilipokelewa Wales. Ukizitoa katikati ya nyaraka nyingine za Penrhyn unaukata ule uzi unaoonyesha sukari ikigeuka sileti, na huo ndio ushahidi wenyewe. Lakini picha zake, zote, bila malipo, zifike Jamaica, na mtu wa Clarendon azifungue kwenye simu yake. Kijana hakuridhika, na ana haki yake. Akauliza tena mjukuu wa mtu aliyeandikwa mle aanzie wapi. Nikamwambia aanze nyuma aje mbele. Kuanzia 1817 mashamba ya Jamaica yalitakiwa kuwasilisha orodha ya watumwa kila baada ya miaka mitatu, na nakala zake zimo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, kwenye mfululizo unaoitwa T 71. Humo mtu ana jina, umri, rangi, na kama alizaliwa Afrika au kisiwani. Mara nyingine na jina la mama. Chukua jina la shamba, Denbigh kwa mfano, chukua jina la mtu na umri wake mwaka 1817, kisha rudi kwenye orodha za Penrhyn za miaka ya nyuma umtafute akiwa kijana, umtafute akiwa mtoto. Waliokufa kabla ya 1817 hawamo T 71. Hao wako Bangor, kati ya nyumbu na mapipa, na itakubidi uwasome kwa Kiingereza cha wakili aliyekuwa na haraka ya kuwahi meli.